Kulifuata gugu maji: kutoka bwawani kwetu Chanika mpaka linakotokea

Jumatano

Naanza kuandika leo na nitajitahidi kila siku niandike kidogo, maana mwaka jana ilifanyika kampeni kubwa hapa bwawani kwetu, watu wakaja na tisheti mpya na spika na kamera, wakavuta gugu nusu ya bwawa wakalirundika palepale ukingoni, mgeni rasmi akahutubia, pilau likaliwa, masika ilipoingia maji yakapanda yakalichukua lile rundo yakalirudisha ndani, na saivi limefunika mpaka upande wa minazi. Hakuna aliyeandika walitoa wapi waliacha wapi. Kwahiyo kila anayekuja anaanza na moja.

Bwawa lenyewe liko Chanika, Dar es Salaam, ndani ndani, ukishuka daladala unadaka boda, ukubwa wake kama viwanja viwili vya mpira hivi ukijumlisha na ile kona ya matete. Wanaolitegemea ni wengi kuliko unavyodhani: akina mama wa mchicha na matembele wanachota maji ya kumwagilia, kuna wazee wanatega perege na kambale, vijana wa matofali nao wapo. Leo tumekutana watu kumi na kitu na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukazunguka bwawa kwa miguu kabla ya kuongea chochote, hilo nililiomba mimi kwa sababu vikao vya huku vinaanzaga na kuongea.

Kuna dogo mmoja kwao Sengerema, yeye kafika tu kasema hili sio lile la kwao. Kule Kigongo Busisi, Ziwa Victoria, mwanzoni mwa 2025, kabla daraja halijafunguliwa mwezi wa sita, vivuko vilikuwa vinakwama watu wanakaa masaa majini, lile gugu jipya linaitwa Salvinia, majani madogo madogo yana vinywele kwa juu na halitoi ua. Letu ni gugu maji lile la zamani, majani mapana yanang'aa, ua la zambarau lenye doa la njano kwenye petali ya juu, na kikonyo kimevimba, ukikipasua na kucha ndani ni matundu matundu yenye hewa tupu, ndo maana halizami. Ua zuri kweli tena, ukiliona kwenye picha unaweza ukalitaka sebuleni, na hiyo kumbukeni maana nitairudia.

Nikawaambia kitu kimoja tu, kwamba kwa joto hili la kwetu na maji yakiwa na rutuba linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, kwa hiyo tukitoa nusu halafu tukakaa kupumzika mwezi mzima tumefanya mazoezi ya viungo tu. Jamaa mmoja wa duka la pembejeo akasema jamani si tupige dawa ya magugu tumalize. Tumebishana karibu nusu saa. Ukiliua lote kwa mpigo linazama linaoza, na kuoza kunakula hewa ya ndani ya maji, samaki wanakuja juu alfajiri midomo wazi halafu wanakufa, na maji hayohayo ndo yanamwagiliwa mchicha unaoliwa Gongo la Mboto mpaka Buguruni. Mama mmoja wa bustani akamaliza ubishi: "Mwanangu, wewe dawa yako ukishaipiga, mimi mchicha wangu utanunua wewe?" Dawa ikaishia hapo.

Alhamisi

Kariakoo. Kamba za manila, reki za chuma, gumbuti, glavu nzito. Joto, foleni, bei za kubishana. Madumu ya lita 20 tumeomba kwa mama lishe wa stendi bure, yale ya mafuta ya kula, haya nitaeleza ya nini. Sina zaidi ya hapo, nimechoka.

Ijumaa

Leo tumeenda Kibaha, mimi na yule dogo wa Sengerema, kumuona mzee mmoja bwana shamba mstaafu ambaye mwenyekiti anafahamiana naye. Tumepanda mpaka Banana, tukabadilisha, Kinyerezi, Malamba Mawili, Mbezi Magufuli, kisha gari la Kibaha mpaka Maili Moja. Tumebeba majani mawili na vikonyo vyake kwenye mfuko wa nailoni tumefunga fundo, shina na mizizi tumeacha makusudi, maana shina likidondoka kwenye mtaro wowote njiani tumeshampelekea mtu mwingine balaa. Konda anauliza hiyo mboga gani, abiria wa nyuma anamjibu hiyo ya wachina. Basi ikawa ndo hivo mpaka Mbezi.

Mzee tumemkuta kakaa kwenye mwembe. Shikamoo, marahaba wanangu, karibuni, maji ya kunywa, habari za huko, na hakutaka kuangalia mfuko mpaka tulipomaliza kunywa. Enzi za kazi yake wizara ya kilimo ilikuwa na mpango wa kudhibiti visumbufu kwa kutumia wadudu hapo Kibaha, na fukusi wa gugu maji walizalishwa humo. Fukusi wa aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, wanatoka Amerika ya Kusini kama gugu lenyewe, walipimwa kwanza kuhakikisha hawahamii kwenye mazao, miaka ya 1990 wakaachiwa huku kwetu, Kenya na Uganda. Anasema watu wanadhani gugu maji lilianzia Ziwa Victoria, kumbe nchini lilishaonekana mto Sigi kule Tanga miaka ya 1950 na Pangani baadae, Victoria lilikuja kusumbua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980.

Akachukua jani letu akaligeuza kwenye mwanga kama mtu anakagua noti. Safi, halina hata alama. Akatuonyesha kwa kucha: fukusi mkubwa, ambaye hazidi milimita 5, anatoka usiku anakwangua ngozi ya jani, anaacha vijialama vya mraba mraba vya kahawia, ukiona jani limejaa hivyo ujue wapo. Ila anayeua ni funza wake, anatoboa anashuka ndani ya kikonyo mpaka kwenye moyo wa mmea, maji yanaingia mle palipokuwa na hewa, linaanza kuzama lenyewe. Baadae anajifunga kijifuko kwenye mizizi chini ya maji na kuanza upya. Dogo macho yamemtoka, anauliza wanapatikana wapi tukachukue hata kopo moja.

Mzee akacheka. Kwanza mdudu hahamishwi kienyeji, kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na ndio wa kuulizwa. Pili akasema fukusi ni kazi ya miaka, mitatu, mitano, ziwa kubwa lenye maelfu ya hekta ambalo mkono haufiki. "Bwawa lenu dogo, mkono utafika kabla ya mdudu." Halafu ndo akatuuliza swali ambalo limetunyamazisha wote wawili, maji yenu yanaingilia wapi. Tukasema kuna kijito. Kinatoka wapi? Hakuna aliyejua. Mtu kazaliwa pale ana miaka arobaini hajawahi kukifuata kile kijito zaidi ya kalavati la kwanza.

"Basi mnamfukuza mwizi huku mlango uko wazi," akasema. Gugu linakula naitrojeni na fosforasi, yaani samadi, karo, sabuni, mbolea ya dukani. Mkilitoa chakula kikabaki, litarudi hilo au litakuja jingine, na mbegu zake zinalala kwenye tope hata miaka 15 na zaidi zikisubiri. Fuateni maji kwanza.

Tumerudi usiku, Malamba Mawili foleni mtindo mmoja.

Jumamosi

Hii ndo siku yenyewe, mtanisamehe kwa urefu.

Tumeanza saa 12 asubuhi, watu sita, na mama yule wa mchicha kaja kajiandaa kuliko sisi wote, khanga kiunoni na panga mkononi. Tukaanzia pale kijito kinapoingia bwawani. Pale mdomoni gugu ni kubwa kuliko kwingine, majani yanafika kiunoni, kijani kile cha kukolea ambacho mkulima yeyote akikiona anajua mmea umeshiba. Upande wa pili wa bwawa gugu ni fupi na limepauka kidogo. Tofauti ipo wazi kabisa na tulikuwa tunaipita kila siku.

Baada ya kalavati kuna bustani, tuta zimeshuka mpaka kwenye maji kabisa, mtu analima mguu mmoja mtoni. Mbolea ya kuku imemwagwa imebaki vilima vilima pembeni, mvua ikija unajua inakoenda. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, kifungu cha 57, nimekisoma hapohapo kwenye simu kwa sauti na mama wa mchicha akaniangalia hivi, akasema na yangu mimi iko mita ngapi mwanangu. Basi nikafunga simu. Ukweli ni kwamba ukipima mita 60 huku kwetu unaondoa nusu ya mboga za mtaa, kwahiyo tulichokubaliana na mwenye bustani ile ni kuacha hatua kumi na kitu zisilimwe, apande majani ya tembo ambayo atauza kwa wafugaji, na mbolea akae nayo juu sio ukingoni. Sio sheria hiyo, ni makubaliano, ila kakubali na anasema ataanza wiki hii. Wenye vyeo wakitaka mita 60 zao waje wenyewe.

Tukapanda zaidi. Banda la nguruwe, linaoshwa na maji ya bomba na yote yanateremka. Halafu nyumba za kupanga, mstari wa vyumba nane, na nyuma ya ukuta kuna bomba la inchi nne linatokeza kwenye nyasi. Tumefika pale kama saa mbili kasoro, muda watu wanajiandaa kwenda kazini, na bomba lilikuwa linafanya kazi. Maji ya kijivu, povu, na harufu ile ambayo haihitaji maelezo. Sio maji ya kuogea peke yake yale. Chini ya bomba kijito kimegeuka rangi, juu yake hatua tano tu maji yana afadhali na vijisamaki vinaonekana. Mwenyekiti kapiga picha, kapiga simu kwa mwenye nyumba, hapokei.

Hapo nikajua tumemaliza, tumeshampata adui, turudi tukanywe chai. Ni mama wa mchicha aliyekataa. Akasema karo inalisha lakini haileti mche, mche unatoka wapi? Na kweli, juu ya bomba lile bado tulikuwa tunaona mche mmoja mmoja wa gugu umenasa kwenye mizizi ya miti, midogo, mitatu mitatu imeungana kwa ule mkia wake. Tukaendelea. Njia ikawa mbaya, upupu umetuwasha, dogo kazama tope mpaka gotini, panga la mama likafanya kazi.

Mbele kuna kona ya mto ambapo maji yanatulia, na pale ndo tukalikuta. Sehemu ndogo tu, kama chumba na sebule, limejaa gugu linatoa maua yote kwa wakati mmoja, zambarau tupu. Na juu ya kona hiyo ukuta, na kwenye ukuta tundu la kutolea maji, na ndani ya ukuta ni mtu anauza maua na miche ya mapambo. Ana beseni la zege la maua ya majini, mayungiyungi na haya ya kwetu, mvua ikinyesha beseni linafurika na tundu linapeleka nje. Tukagonga, mlinzi katufungulia, mwenye kitalu akaja, mtu mstaarabu kabisa, kashtuka kweli. Anasema wateja wanayapenda kwa sababu hayana kazi, unatupia tu kwenye maji yanaishi. Hayana kazi! Sisi tunatoka jasho miaka yote kwa sababu ya ua lisilo na kazi.

Hatukugombana naye. Katoa yote kwenye beseni mbele yetu, tukayaanika juu ya zege kavu, tundu akaliwekea wavu wa mbu maradufu mpaka fundi alizibe. Mayungiyungi kabaki nayo. Ile kona tumeivuta sisi wenyewe mpaka saa saba mchana, kila kipande, maana kipande cha shina chenye kichipukizi kinatosha kuanza familia mpya.

Nikilala leo nawaza kampeni ya mwaka jana na yale maspika. Kilomita mbili kasoro kupanda kijito, hakuna aliyetembea.

Jumapili

Kazi bwawani, baada ya ibada ya kwanza. Watu wamejitokeza zaidi ya arobaini, hakuna spika, na mwenyekiti kaomba hata chai kila mtu aje na yake.

Yale madumu sasa. Unayafunga matupu kwenye kamba ya manila kila baada ya hatua moja, unayavuta na mtumbwi kukata bwawa vipande, gugu linabaki ndani ya uzio wa madumu haliwezi kusukumwa na upepo kwenda ulikokwisha safisha. Mwaka jana walisafisha upande mmoja asubuhi, upepo wa kusi mchana ukawaletea lote la upande wa pili. Tumeanzia upande ambao upepo unatoka tukawa tunalisogeza kuelekea nchi kavu, mtumbwi unasukuma, watu wa ukingoni wanavuta na reki.

Ni zito balaa. Zaidi ya asilimia 90 ni maji, hekta moja iliyofunga vizuri inaweza kuwa na tani 200 na zaidi, kwahiyo kosa ni kulibeba likiwa bichi. Unalivuta nje, unaliacha lichuruzike ukingoni kwanza, ndo unalipeleka mbali. Kirikuu ya jirani imebeba lililochuruzika, na sehemu ya kulimwaga tumechagua juu kule kwenye uwanja mkavu ambako hata mvua kubwa haitalirudisha, hiyo mwenyekiti kaisimamia mwenyewe.

Kila aliyeingia majini alikuwa na gumbuti, na hili nililisema mpaka nikawa kero, kwa sababu konokono wa kichocho wanapenda kujificha chini ya gugu na mkojo wa damu sio hadithi ya shuleni huku. Watoto walifukuzwa majini, wakapewa kazi ya kuokota samaki wanaonasa kwenye mizizi. Mizizi yenyewe ukiinyanyua ni myeusi ya kuelekea zambarau, imening'inia kama manyoya ya kuku aliyelowa, na dogo wa Sengerema alipoikung'utia kwenye beseni jeupe tukaona perege wa saizi ya kucha, na viluwiluwi vya mbu. Kuna jamii ya mbu, Mansonia, ambao viluwiluwi vyao haviji juu kupumua, vinachoma mrija wao kwenye mizizi ya mimea kama hii vinavuta hewa humo. Kwahiyo yale mafuta ya kumwaga juu ya maji kuua mbu, hawa hayawapati. Akina mama walikaa kwenye lile beseni muda mrefu kuliko kwenye chai.

Mpaka saa kumi theluthi mbili hivi ya bwawa iko wazi. Mzee mmoja wa kutega kambale kasimama anaangalia maji, kasema miaka mitatu hajaona upande wa pili akiwa kwenye mtumbwi wake.

Jumatatu

Mgongo, mabega, kila kitu. Rundo tumelianza kuligeuza mboji, tabaka la gugu lililonyauka, tabaka la samadi na majani makavu, unageuza kila wiki, likishika moto vizuri ndani mbegu nyingi zinakufa. Yaliyokuwa na maua na mbegu tumeyatenga yanakaushwa yachomwe, sitaki bahati nasibu. Tumekubaliana mboji ya mwanzo iende kwenye miti na majani ya tembo sio kwenye mchicha, kwa sababu gugu hili linanyonya hata madini mazito kama yapo kwenye maji, na juu kule kuna gereji mbili ambazo hatujazikagua. Kijana mmoja kauliza za kusuka vikapu na viti kama wanavyofanya Kisumu. Inawezekana, ila mimi siipendi sana hiyo hoja, mtu akishaanza kuuza kikapu cha gugu hatataka gugu liishe.

Jumatano, wiki iliyofuata

Mwenye nyumba za kupanga kapatikana, kaja kikaoni na kalamu na karatasi kama anaenda mahakamani. Mwanzo alisema bomba ni la maji ya mvua. Mwenyekiti akamuonyesha picha ya saa mbili asubuhi jua linawaka. Kaomba mwezi mmoja achimbe shimo jipya la karo, kaandikishwa, kasaini, na barua nakala inaenda Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu pamoja na ile ya kuomba waje kupima maji. Mwenye nguruwe bado anazungukazunguka, anasema mbona mnaniandama mimi peke yangu.

Nimepita bwawani jioni. Theluthi iliyobaki ndani ya madumu imeanza kusogea, na kwenye sehemu tuliyosafisha nimehesabu vimche vipya ishirini na tatu, vidogo, vya kuokota na mkono ukiwa kwenye mtumbwi dakika chache tu. Yule mama wa mchicha kavitoa kumi njiani akienda kuchota maji.

Ratiba ni hii: kila Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, watu wanne kwa zamu na mtumbwi mmoja, mpaka masika ijayo ipite, na zamu imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa. Zamu ya kwanza ni mimi, dogo, mzee wa kambale na fundi matofali. Kona ya juu na lile tundu la kitalu anakagua mwenyekiti kila mvua ikinyesha. Gumbuti za namba 8 tunazo mbili tu na wote tunavaa 8, mwenye za ziada azilete.